Saa za Kujitolea katika Bustani ya Kijiji: Namna ya Kuziandika, Kuzijumlisha na Kuzitolea Taarifa

Bustani za mboga zilizo kando ya shule, zahanati na visima vya vijiji hutunzwa kwa sehemu kubwa na wananchi wanaojitolea. Huko hulimwa mchicha, chainizi, mnafu, matembele, bamia na nyanya chungu, na mavuno yake huwafikia wanafunzi, wagonjwa, wazee na kaya zenye uhitaji. Fedha zikichangwa huandikiwa stakabadhi. Mbegu na samadi zikiletwa huingizwa katika kitabu cha vifaa. Saa za watu, ambazo ndizo mchango mkubwa kuliko yote, mara nyingi haziandikwi popote. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na nguvu za mtu ni mali yake ya kwanza.

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya vikundi vya bustani, wajumbe wa serikali za vijiji na kila mwananchi anayeshika jembe au ndoo kwa manufaa ya wote. Halihitaji kifaa chochote zaidi ya daftari, kalamu na saa.

Kwa nini saa ziandikwe

Tuchukue mfano wa bustani moja katika kipindi cha wiki nne za kiangazi. Jumamosi ya kwanza, watu 14 walifika kulima na kutengeneza matuta, nao wakafanya kazi kwa saa 3. Baada ya hapo, wanakikundi wawili ambao hawakuwamo katika wale 14 walichota maji na kumwagilia kila siku isipokuwa Jumapili, kila mmoja kwa saa moja na nusu. Watu 5 walipalilia mara mbili, kila mara kwa saa 2. Mwishoni, watu 3 walichuma na kugawa mboga kwa saa 2.

Atakayesimulia habari za bustani hiyo kwa kukumbuka tu ataitaja Jumamosi ile, kwa kuwa ndiyo iliyokuwa na umati. Hesabu ya daftari hutoa sura nyingine:

Kulima na kutengeneza matuta: watu 14 × saa 3 = saa 42
Kumwagilia: watu 2 × saa 1½ × siku 24 = saa 72
Kupalilia: watu 5 × saa 2 × mara 2 = saa 20
Kuchuma na kugawa: watu 3 × saa 2 = saa 6
Jumla: saa 140

Zaidi ya nusu ya saa zote zilitumika kumwagilia, na zilibebwa na watu wawili. Kila mmoja wao alitoa saa 36, ilhali kila aliyefika Jumamosi ile alitoa saa 3. Katika vijiji vingi kazi ya maji huwaangukia wanawake, na hufanywa alfajiri wakati hakuna mgeni wala kiongozi wa kuiona. Bila daftari, mzigo huo hautajwi katika kikao chochote. Ukiachwa hivyo, wanaoubeba huchoka, huacha, na matuta hukauka. Kukiwa na daftari, mkutano unaweza kuamua kwa haki: kuongeza watu wa zamu, au kuomba bomba na tangi karibu na bustani. Ombi la bomba lenye hesabu ya saa 72 nyuma yake lina uzito kuliko malalamiko kwamba maji yako mbali.

Nini kihesabiwe na nini kisihesabiwe

Kikundi kikubaliane mapema, katika mkutano, na makubaliano hayo yaandikwe katika ukurasa wa kwanza wa daftari. Inapendekezwa zihesabiwe kazi zote zinazoiwezesha bustani kuzaa: kuandaa kitalu, kulima, kusomba samadi, kutengeneza mboji, kupandikiza, kuweka matandazo, kumwagilia, kupalilia, kujenga uzio, kulinda, kuchuma na kugawa. Kuchambua mbegu na kushika daftari ni kazi pia. Mzee au mtu mwenye ulemavu anayechambua mbegu kivulini kwa saa 2 ametoa saa 2, sawa na aliyeshika jembe kwa muda huohuo.

Muda wa mkutano uandikwe katika ukurasa wake, usichanganywe na muda wa kazi. Muda wa kutoka nyumbani hadi bustanini usihesabiwe, ila pale mtu anapobeba mbolea, maji au vifaa vya kikundi. Kazi iliyolipwa ujira, hata ukiwa mdogo, si ya kujitolea. Iandikwe kama gharama.

Kazi za wanafunzi ziachwe katika kumbukumbu za shule. Bustani ya shule imekuwa sehemu ya mafunzo ya vitendo tangu sera ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, na mwalimu ndiye anayepanga muda wake. Saa za watoto zikiingizwa katika daftari la kijiji, kijiji kitaonekana kuwa na nguvu kazi ambayo hakina, na mipango itakayofuata itajengwa juu ya hesabu isiyo ya kweli.

Daftari na safu zake

Daftari lenye mistari na jalada gumu linatosha. Kila ukurasa upewe namba ili usiweze kuchanwa bila kujulikana, kisha upigwe mistari ya safu saba: tarehe; jina; kazi iliyofanyika; saa ya kuanza; saa ya kumaliza; jumla ya saa; sahihi. Asiyejua kuandika atie dole gumba baada ya kusomewa kilichoandikwa.

Mwandishi wa zamu aandike siku ileile, kabla watu hawajatawanyika. Kuandika mwishoni mwa mwezi kwa kukumbuka huwapendelea wanaosikika sana na kuwasahau wanyamavu. Kwa wale wa zamu ya alfajiri ambao mwandishi hawezi kufika wakati wao, daftari dogo liwekwe kwa mmoja wao, na kila Jumamosi yaliyomo yahamishiwe katika daftari kuu mbele ya wote wawili.

Mtu asiandikiwe saa na ndugu wala rafiki akiwa hayupo. Kosa likitokea, likatwe kwa mstari mmoja ili neno la awali lisomeke, sahihisho liandikwe juu yake, na mwandishi atie sahihi pembeni. Kila wiki mjumbe mwingine, asiye mwandishi, apitie hesabu na kuzithibitisha.

Saa ya Kiswahili na saa ya simu

Kosa linalorudiwa mara nyingi katika madaftari ya kazi hutokana na namna mbili za kusoma saa. Kwa Kiswahili, saa moja asubuhi ndiyo ile ambayo simu huionyesha kuwa 7:00. Mwandishi mmoja akinakili kutoka kwenye simu na mwingine akaandika kwa hesabu ya Kiswahili, mstari mmoja unaweza kumpunguzia mtu saa zake au kumwongezea asizozifanya. Kikundi kichague namna moja na kuiandika juu ya kila ukurasa. Kwa kuwa wengi wetu huhesabu kwa Kiswahili, ni rahisi kubaki nayo na kuongeza neno la wakati: asubuhi, mchana, jioni.

Panapovukwa saa 12, hesabu saa 12 kuwa sifuri. Aliyeanza saa 12:30 asubuhi na kumaliza saa 2:00 asubuhi amefanya kazi saa moja na nusu. Dakika zisizofika robo saa zisigombaniwe: kadiria kwa robo saa iliyo karibu, na kanuni hiyo iwahusu wote.

Kujumlisha na kukadiria thamani

Idadi ya watu na idadi ya saa ni vitu viwili. Taarifa isemayo kwamba watu 14 walijitolea haielezi kama walikaa dakika 20 au siku nzima. Taarifa nzuri hutaja vyote viwili, kisha huzigawa saa kwa aina ya kazi kama tulivyofanya katika mfano wetu.

Wakati mwingine huhitajika thamani ya fedha ili mchango wa nguvu za wananchi uonekane pamoja na fedha na vifaa katika andiko la mradi. Njia iliyo wazi ni kuuliza: kazi hii ingefanywa na kibarua, angelipwa kiasi gani hapa kwetu? Shirika la Kazi Duniani lilipotoa mwongozo wa kupima kazi za kujitolea mwaka 2011, lilipendekeza njia ya namna hiyo, yaani kukadiria gharama ya kumweka mtu mwingine afanye kazi ileile. Tukichukulia, kwa mfano tu, kwamba ujira wa kibarua ni shilingi 8,000 kwa siku ya saa 8, kila saa ni shilingi 1,000, na saa 140 zina thamani ya shilingi 140,000. Kiwango halisi kikubaliwe katika mkutano na kiandikwe, ili atakayesoma ajue kimetoka wapi.

Ieleweke kwamba makadirio haya si deni ambalo kijiji kinadaiwa, wala si mshahara utakaolipwa baadaye. Ni kipimo cha mchango.

Taarifa na safari yake

Mwisho wa mwezi, mwandishi aandae muhtasari wa ukurasa mmoja wenye mambo matano: idadi ya waliojitolea, wanawake na wanaume, jumla ya saa, saa kwa kila aina ya kazi, mavuno na walioyapokea, na jambo moja linalohitaji uamuzi. Jambo hilo la tano lisiachwe wazi, kwa sababu ndilo linaloifanya taarifa ipate majibu.

Nakala moja ibaki kwenye kikundi na nyingine ipelekwe kwa Afisa Mtendaji wa Kijiji. Kila robo mwaka, mihtasari ya miezi mitatu iunganishwe na kusomwa katika mkutano mkuu wa kijiji, ambao kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na zaidi ana haki ya kuhudhuria. Kwa kuwa mwaka wa fedha wa Serikali huanza Julai 1 na kuishia Juni 30, robo zake huishia Septemba, Desemba, Machi na Juni. Ni vyema kikundi kifuate kalenda hiyohiyo. Kutoka kijijini, taarifa huifikia Kamati ya Maendeleo ya Kata, na Afisa Maendeleo ya Jamii pamoja na Afisa Ugani huweza kuitumia katika ushauri wao. Mfumo ulioboreshwa wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo, unaotumika kupanga mipango shirikishi, unatilia mkazo jitihada zinazoanzishwa na jamii yenyewe. Daftari lililotunzwa ni ushahidi wa jitihada hizo.

Taarifa isomwe kwanza kwa wale waliofanya kazi, kabla haijaondoka kijijini. Wao ndio watakaogundua jina lililorukwa au siku iliyozidishwa.

Mambo ya kuepuka

Daftari la saa lisigeuzwe kuwa sharti la kupata huduma. Mgonjwa hapaswi kuulizwa ametoa saa ngapi bustanini kabla ya kutibiwa, wala mtoto kunyimwa mboga kwa kuwa mzazi wake hakufika. Lisiwe pia orodha ya kuwaaibisha wasiofika. Mwenye mgonjwa nyumbani au mtoto mchanga ana kazi ambayo daftari hili halikuundwa kuipima.

Faragha iheshimiwe. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi maalumu na zisizidi mahitaji ya kusudi hilo. Hivyo usiandike ugonjwa wa mtu kuwa sababu ya kutofika, na usiandike namba za simu ambazo hesabu ya saa haizihitaji. Katika mkutano, soma jumla. Majina yasomwe pale tu wanakikundi walipokubaliana.

Zaidi ya yote, saa zisiongezwe ili taarifa ipendeze. Hesabu iliyozidishwa huonyesha kwamba bustani ina watu wa kutosha, na matokeo yake ni kwamba wale wawili wa zamu ya alfajiri hawaletewi msaada.

Zoezi kwa vikundi

1. Mwanakikundi alianza saa 12:30 asubuhi na kumaliza saa 3:00 asubuhi. Ametoa saa ngapi?

2. Watu 9 walipalilia kwa saa 2. Watatu kati yao walibaki saa moja zaidi kuweka matandazo. Jumla ni saa ngapi?

3. Daftari linaonyesha mtu alianza 7:15 na kumaliza 3:45. Imebainika kwamba saa ya kuanza ilinakiliwa kutoka kwenye simu, na ya kumaliza iliandikwa kwa Kiswahili. Yote mawili yalikuwa asubuhi. Alifanya kazi kwa muda gani?

Majibu: (1) Saa 2 na nusu. (2) Saa 18 za kupalilia na saa 3 za matandazo, jumla saa 21. (3) Saa 7:15 ya simu ni saa 1:15 asubuhi kwa Kiswahili, hivyo ni saa 2 na nusu. Anayedhani kwamba namba zote mbili ni za simu, kutoka asubuhi hadi alasiri, ataandika saa 8 na nusu, na kumzidishia saa 6 nzima.

Kikundi kinachotaka kuanza kinaweza kupiga mistari ya ukurasa wa kwanza Jumamosi ijayo, kuchagua mwandishi na mhakiki, na kupeleka muhtasari wake wa kwanza katika ofisi ya kijiji mwisho wa mwezi. Jina la kwanza kuandikwa liwe la yule aliyekwisha kumwagilia kabla wengine hawajafika.