Gesi ya Kiyoyozi Haiishi, Huvuja

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii niliijua tangu shule ya msingi, na hata nimewahi kuitumia katika insha nikapewa alama nzuri. Lakini maana yake hasa niliipata likizo iliyopita, nikiwa nimeinama juu ya injini ya gari katika gereji ya mjomba wangu hapa Kithyoko, mikono imejaa povu la sabuni.

Wanafunzi wenzangu, joto letu mnalijua. Barabara hii ya kutoka Thika kwenda Garissa haina huruma saa nane mchana. Ukifunga madirisha ya gari unaiva. Ukifungua unakula vumbi. Kwa mtu mzima wa afya hiyo ni taabu tu. Kwa mgonjwa ni hatari.

Siku hiyo alikuja mwalimu mmoja mstaafu. Mkewe ni mgonjwa, na kila juma la pili humpeleka hospitali huko Thika. "Fundi, gesi ya AC imekwisha tena," akamwambia mjomba. Kumbe ilikuwa mara ya nne katika mwaka mmoja! Mara tatu alikuwa amejaziwa kwingine, akalipa, baridi ikadumu majuma machache, kisha joto likarudi. Safari ya mwisho mama alizirai ndani ya gari kabla hawajafika. Mzee akasema wazi kwamba pesa alizo nazo ni za kutengeneza mara moja tu.

Mimi kwa kujifanya mjuaji nikasema, "Mjomba, si tumjazie tu aende?"

Mjomba hakunikaripia. Aliniuliza, "Mpwa wangu, wewe uko kidato cha tatu. Hebu niambie, hiyo gesi huwa inaenda wapi?"

Sikuwa na jibu. Basi, mpenzi msomaji, somo langu ni jibu la swali hilo.

KIYOYOZI HUFANYAJE KAZI?

Pakaza spiriti mkononi, uipulize. Utasikia baridi. Spiriti inapogeuka mvuke huchukua joto la ngozi yako. Ndilo lile joto fiche tunalofundishwa katika fizikia. Kiyoyozi cha gari hutumia ujanja uo huo. Kompresa, ambayo huzungushwa na injini, huibana gesi mpaka ikawa moto sana. Gesi hiyo hupita katika kondensa, ile wavu ya mabomba iliyo mbele ya rejeta, ikapoteza joto na kuwa maji. Maji hayo hupenyezwa katika tundu jembamba la vali, kanieneo ikashuka ghafla, yakachemka na kuwa mvuke ndani ya koili iliyo chini ya dashibodi. Huko ndiko joto la ndani ya gari linakonyang'anywa. Kisha gesi hurudi kwenye kompresa na safari huanza upya.

Je, mmeona? Gesi huzunguka tu. Haichomwi kama petroli wala hailiwi na kitu. Petroli huisha, gesi ya kiyoyozi haiishi. Ikipungua, imevuja. Sisi wanachama wa Kiswahili tuangalie sana hapa: neno "imekwisha" ndilo lililomgharimu mzee yule. Anayesema imekwisha huomba ijazwe. Anayesema imevuja hutafuta tundu.

KUTAFUTA TUNDU

Kwanza mjomba alifunga geji mbili, ya buluu upande wa kanieneo ndogo na nyekundu upande wa kanieneo kubwa. Injini ilikuwa imezimwa na imepoa. Siku ya nyuzi 30, gesi aina ya R-134a ikiwamo ya kutosha, geji zote mbili husoma karibu pauni 97 kwa kila inchi mraba. Zetu zilisoma 40. Kipimo hiki hakikuambii imebaki gramu ngapi, kwa sababu maji yakibakia ndani hata kidogo kanieneo haibadiliki. Lakini kikiwa chini kiasi hicho, ujue nyingi imekwenda.

Pili, macho. Ndani ya gesi husafiri mafuta ya kulainisha kompresa. Gesi inapotoka, mafuta hubaki nje na kukamata vumbi. Kwa hiyo tafuta uchafu wenye mafuta kwenye viungo vya mabomba. Tuliukuta kwenye kiungo cha kondensa. Mjomba akapaka maji ya sabuni, na mapovu madogo yakaanza kufura polepole kama uji unaokaribia kuchemka.

KUZIBA

Gesi iliyobaki haikuachiliwa hewani. Mjomba aliivuta kwa mashine na kuitia katika mtungi. Alivaa miwani na glavu, kwani R-134a huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sufuri; ikikurukia jichoni inaweza kukupofusha. Tena hapana kuvuta sigara wala kuwasha moto karibu, maana gesi hii ikikutana na mwali hutoa sumu.

Tulifungua kiungo. Ringi yake ya mpira ilikuwa imekauka na kupasuka. Tuliweka mpya, ya aina inayostahimili gesi hii, tukaipaka mafuta ya kompresa kwanza ili isikatwe wakati wa kukaza. Ringi ya bomba la maji haifai hata kidogo. Tukabadilisha na chujio la kukausha unyevu, kwa sababu mfumo ulikuwa umefunguliwa na hewa imeingia.

Halafu tukafunga pampu ya kunyonya hewa. Pampu hii hushusha kanieneo mpaka maji yaliyojificha ndani yakachemka bila moto na kutolewa kama mvuke. Baada ya nusu saa nikasema, "Tayari, mjomba, tujaze." Mzee alikuwa ameketi kwenye benchi akitazama saa. Nilimwonea huruma.

Mjomba akafunga vali za geji, akazima pampu, akaniambia nitazame mshale kwa dakika 20 bila kutoka hapo. Nilinuna. Lakini dakika hazikuwa zimefika 10 kabla mshale haujaanza kupanda, taratibu, kama mtu anayenyata. Hewa ilikuwa inaingia. Kulikuwa na tundu la pili!

Hapa sabuni peke yake haisaidii, kwa sababu hewa inavutwa ndani, haitoki nje. Mjomba alijaza naitrojeni kavu yenye kanieneo ya kiasi. Hewa ya kawaida hapana, ina unyevu. Oksijeni usithubutu, ikikutana na mafuta inaweza kulipuka. Kisha nikapewa sabuni nitafute mwenyewe. Nilipaka kila kiungo. Wapi! Mwishowe nikatia tone moja juu ya ile vali ambamo gesi hujaziwa. Povu likafura, likapasuka, likafura tena.

Kifuniko cha vali hiyo kilikuwa kimepotea, na moyo wake, ambao unafanana na ule wa tyubu ya baiskeli, ulikuwa umechakaa. Mjomba akacheka kidogo kwa uchungu. Wale waliojaza mara tatu walipitia mlango huo huo, na hakuna aliyeufunga. Tulibadilisha moyo, tukaweka kifuniko, tukavuta hewa tena. Safari hii nilitazama mshale dakika 30 bila kuambiwa. Haukutikisika.

Ndipo tukajaza. Kibandiko chini ya boneti kilisema gramu 450, kwa hiyo mtungi uliwekwa juu ya mizani. Kukisia ni kosa, kwani gesi ikizidi nayo huharibu baridi na kuumiza kompresa. Mtungi ulisimamishwa wima ili itoke gesi na sio maji, maana kompresa haiwezi kubana maji, itavunjika. Tulipomaliza, kipimajoto kwenye tundu la dashibodi kilisoma nyuzi 8.

HASARA ISIYOONEKANA

Gesi iliyotoroka mara tatu haikupotea bure. Zamani magari yalitumia R-12. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo huharibu tabaka la ozoni, na mwaka 1987 mataifa yakatia sahihi Mkataba wa Montreal kuzikomesha. Sekretarieti ya mkataba huo iko hapa kwetu Nairobi. R-134a iliyochukua nafasi yake haiharibu ozoni, lakini hutia dunia joto: kwa kipindi cha miaka 100, kilo moja yake hufanya kazi ya zaidi ya kilo 1,000 za kaboni daioksidi. Ndiyo maana mwaka 2016 mataifa yalikutana Kigali, Rwanda, yakakubaliana kupunguza gesi za aina hii pia. Piga hesabu mwenyewe: gramu 450 mara tatu. Anayejaza bila kuziba humpoza abiria kidogo na kuzidisha joto lile lile analolikimbia.

Mzee alilipa, akaondoka madirisha yamefungwa. Nilihesabu majuma. Juma la pili alipita, la nne akapita. Juma la sita alisimama barabarani, akashusha kioo kidogo, akamwita mjomba. Nilidhani imevuja tena, moyo ukanidunda. Kumbe mama ndiye aliyetaka kutusalimu. Alinipa mkono. Ulikuwa baridi.

ZOEZI KWA WANACHAMA

1. Kwa nini si sahihi kusema gesi ya kiyoyozi "imekwisha"?
2. Kwa nini maji ya sabuni hayaonyeshi tundu wakati pampu imenyonya hewa?
3. Tunga sentensi mbili kutofautisha: kuisha, kuvuja.