Manabii, Mitume na Vitabu katika Kurani: Somo kwa Walimu wa Dini

Katika shule zetu za Beni na Butembo watoto Wakristu huketi pamoja na watoto wa Waislamu, nao hutuletea maswali yasiyoandikwa katika katekisimu. Mmoja wa darasa la tano aliniuliza, «Mwalimu, Nabii Isa wa jirani zetu, ndiye Yezu?» Swali hilo halijibiwi kwa neno moja. Wala haifai kulinyamazia, kwani tangu mauaji yalipoanza katika nchi ya Beni, mwezi wa Oktoba 2014, wako wasemao kwamba kila Mwislamu ni ndugu wa muuaji. Wamesahau habari za Sheikh Ali Amini, aliyewapinga wauaji hao hadharani, akapigwa risasi akafa msikitini mjini Beni, tarehe 1 Mei 2021, saa ya sala ya jioni ya Ramadhani. Tarehe 27 Juni ya mwaka ule ule bomu lililipuka ndani ya kanisa letu la Emmanuel-Butsili. Watoto wazijue habari hizo zote mbili.

Basi, tuanze na majina. Kurani ina sura 114, na kwa hesabu ya walimu wa Kiislamu yataja manabii 25. Wengi twawajua: Nuhu, Ibrahimu, Yusufu, Musa, Daudi, Ayubu, Yona, Zakaria, na Yoane Mbatizaji, wamwitaye Yahya. Musa atajwa zaidi ya mara 130, naye Muhammadi mwenyewe mara 4 tu kwa jina hilo. Lakini Isaya na Yeremia, ambao twawasoma kila Majilio na kila Kwaresima, hawamo. Wamo wengine wasiopatikana katika Biblia yetu, kama Hudi na Salehe, waliotumwa kwa makabila ya kale ya Waarabu. Tena sura ya 4 yasema kwamba wako mitume wengine ambao habari zao hazikusimuliwa.

Nabii na mtume si neno moja. Walimu wengi wa Kiislamu hufundisha hivi: nabii ni mtu apewaye habari na Mungu, mtume, kwa Kiarabu rasuli, ni yule aliyepewa pia ujumbe wa kuupeleka kwa watu, kama mjumbe wa mwami aendaye kijijini na neno la bwana wake. Kila mtume ni nabii, bali si kila nabii ni mtume. Kwetu sisi mitume ni wale Kumi na Wawili, na Paulo pamoja nao. Kwa hiyo Mwislamu akisema «Mtume» bila kuongeza jina, ujue amtaja Muhammadi, wala si Petro.

Penye vitabu ndipo wengi hupotea. Mwislamu asadiki kwamba Mungu alimteremshia Musa Taurati, Daudi Zaburi, Isa Injili, na mwisho Muhammadi Kurani. Angalieni neno hilo «kuteremsha». Kwake yeye Kurani haikutungwa na Muhammadi. Ni maneno ya Mungu mwenyewe, kwa Kiarabu, yaliyoletwa na malaika Jibrili. Ndiyo sababu sala yake huisoma kwa Kiarabu, ingawa tafsiri za Kiswahili zipo: ile ya Padri Godfrey Dale wa misioni ya Kianglikana, ya mwaka 1923, na ile ya Sheikh Abdullah Saleh Farsy wa Unguja, iliyokamilika mwaka 1969.

Sasa mwambieni mtu huyo kwamba sisi tuna Evanjili nne, za Matayo, Marko, Luka na Yoane. Atashangaa, kwani yeye atafuta kitabu kimoja alichopewa Isa mkononi. Sisi hatusadiki kwamba Yezu alipewa kitabu. Luka asema wazi mwanzoni kwamba alichunguza mambo yote, kisha akayaandika kwa taratibu. Roho Mtakatifu alimwongoza, lakini kalamu na akili zilikuwa za Luka. Neno la Mungu kwetu ni Yezu mwenyewe, aliyetwaa mwili. Mimi naona kwamba mwalimu asiyefahamisha jambo hili moja atabishana mwaka mzima bure.

Jingine ni Daudi. Biblia yetu haifichi dhambi yake na mke wa Uria, wala hila ya kumwua Uria vitani. Waislamu wengi hufundishwa kwamba manabii wamelindwa na dhambi kubwa. Basi mkimweleza mzee Mwislamu hadithi hiyo huku mkicheka, atadhani mwamtukana nabii wa Mungu.

Tufike kwa Isa. Ndiyo, ni yule yule mwana wa Maria ambaye Kurani yamsimulia, lakini si yote tusadikiyo juu yake. Mama yake atajwa kwa jina mara 34, wala hakuna mwanamke mwingine atajwaye humo kwa jina lake; sura ya 19 yaitwa Mariamu, na yasimulia jinsi alivyochukua mimba hali ni bikira. Lakini sura ya 4 yakana kwamba Isa aliuawa msalabani, na Kurani haikubali kwamba Mungu ana Mwana. Hapo ndipo njia zinapoachana, na watoto waambiwe hivyo bila kuficha. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, tarehe 28 Oktoba 1965, ulitamka yote mawili: Kanisa lawaheshimu Waislamu, nao wamheshimu Yezu kama nabii ingawa hawamkiri kuwa Mungu.

Limebaki swali ambalo watoto hawakosi kuliuliza: Muhammadi ni nabii? Sura ya 33 yamwita muhuri wa manabii, yaani wa mwisho wao. Sisi twasadiki kwamba Mungu alisema yote katika Mwanawe, kwa hiyo Kanisa halimwiti nabii. Mtoto ajibu hivyo darasani kwa sauti ya kawaida. Akiwa nyumbani kwa jirani, yatosha aseme, «Muhammadi, ambaye ninyi mwamwita Mtume».