Tujifunze Kiingereza: Maneno ya Woga

Kwa Kiswahili neno "mwoga" hutumika mahali pengi. Mtoto aogopaye giza ni mwoga, na askari atupaye bunduki yake na kukimbia ni mwoga pia. Lakini Kiingereza kina maneno mengi ya namna hii, na kila moja lina uzito wake. Mwanafunzi asiyeyatenga aweza kumtukana mwenzake bila kukusudia.

Tuseme mlinzi wa ghala aliona usiku wezi watatu wenye mapanga. Hakupigana nao, bali alikwenda mbio kuwaamsha majirani, na wezi wakakamatwa. Asubuhi karani akaandika kwa Kiingereza kwamba mlinzi ni "coward". Mkubwa wa kazi asomapo barua hiyo atadhani mlinzi aliacha wajibu wake, naye huenda akamfukuza. Kumbe karani alitaka kusema tu kwamba mlinzi aliogopa. Basi na tuyapime maneno yenyewe.

"Afraid" ni mwenye kuogopa kwa wakati ule. Si aibu, kwani hata shujaa huogopa.

"Timid" ni mwenye hofu kwa tabia yake, kama paa asikiaye jani likianguka. Neno hili halina matusi makubwa.

"Cautious" ni mwenye hadhari. Hii ni sifa njema, na ndilo neno lililomfaa mlinzi wetu.

"Coward" ni mtu aachaye wajibu wake kwa sababu ya hofu. Neno hili latokana na neno la Kifaransa cha kale lenye maana ya mkia. Nasi Waswahili twasema, "Amefyata mkia."

"Craven" ni kali kupita "coward". Zamani huko Uingereza daawa nyingine ziliamuliwa kwa kupigana, na aliyekubali kushindwa alitamka neno hilo, akapoteza heshima yake. Sheria ya kuamua kwa kupigana ilifutwa mwaka 1819.

"Pusillanimous" ni neno la vitabuni, na asili yake ni Kilatini: roho ndogo sana.

"Chicken", yaani kuku, ni neno la mzaha wa vijana. Usiliandike katika barua ya kazi.

"Dastardly" hapo kale lilikuwa la woga, lakini siku hizi hutumika kwa tendo ovu na la hila, kama kumpiga mtu aliyelala.

Msomaji asidhani kwamba haya ni mambo ya darasani tu. Katika Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, askari 18 wa majeshi ya Uingereza walipigwa risasi na wenzao kwa hukumu ya woga, na wengi zaidi kwa kosa la kutoroka. Baadhi yao walikuwa wameugua akili kwa mshindo wa mizinga. Adhabu ya kifo kwa makosa hayo mawili ilifutwa mwaka 1930, na mwaka 2006 Bunge la Uingereza likapitisha sheria ya kuwasamehe. Msamaha uliwafikia makaburini. Neno moja likiwekwa mahali pasipo pake laweza kumwangamiza mtu.

Wazee walisema, "Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio." Methali hii yatukumbusha kwamba si kila akimbiaye amekosa. Kwa hiyo, kabla ya kuandika "coward", jiulize: mtu huyu alikuwa na wajibu gani, na je, aliuacha?

Zoezi. Chagua neno lifaalo kwa kila mtu:

1. Dereva apunguzaye mwendo darajani wakati wa mvua.
2. Nahodha arukaye majini wa kwanza na kuwaacha abiria wake chomboni kinachozama.
3. Msichana mpya shuleni asemaye kwa sauti ndogo.

Majibu: 1. "Cautious". 2. "Coward". 3. "Timid".