Maneno ya Kula Yasiyo ya Chakula

Msomaji, huenda umepata barua ya Kiingereza kuhusu mkopo au mazao yako, ukaifasiri neno kwa neno kwa kamusi, ukakuta ndani yake habari za kula. Usitafute sahani. Waingereza, kama sisi, hula vitu vingi visivyopita kooni.

Tuanze na maneno yanayogusa mfuko. Barua ikisema makato "will eat into" malipo yako, maana yake ni kwamba makato hayo yatayapunguza malipo kidogo kidogo, kama mchwa alavyo nguzo. Wakulima wa miwa walijua jambo hili bila kufundishwa tangu kiwanda cha Mumias kilipoanza kusaga mwaka 1973: gharama za kulima, mbegu, mbolea, kukata na kusafirisha zilitolewa kwanza, ndipo mwenye shamba akapewa kilichobaki. Ukiyaona maneno haya katika mkataba, usitie sahihi kabla ya kuuliza ni shilingi ngapi zitakazoliwa, na kama zitaliwa kila msimu au mara moja tu.

"To eat your seed corn" ni kula mbegu uliyoweka ya kupanda, yaani kutumia leo kile ambacho kingezaa kesho. Angalia neno "corn": kwa Mmarekani ni mahindi, lakini Mwingereza hulitumia kwa ngano, shayiri na nafaka nyingine. Zamani mahindi ya mbegu yalitundikwa jikoni juu ya moto, moshi uyakinge na wadudu, na aliyeyashusha akayasaga alikuwa amekula mbegu kweli kweli. Mahindi chotara ya kwanza ya Kenya, yaliyozalishwa Kitale, yalipotolewa kwa wakulima mwaka 1964, jambo hili lilibadilika. Punje za chotara ukizipanda tena hazizai kama mara ya kwanza, kwa hiyo mbegu hununuliwa kila mwaka. Basi mkulima wa siku hizi hula mbegu kabla hajaiona: ni zile fedha alizoziweka tangu mavuno, zikaenda kwa karo ya Januari au kwa matanga, na mvua ya Machi ikamkuta mikono mitupu. Sisemi karo isilipwe. Nasema maneno hayo ya Kiingereza yanamhusu.

"To bite off more than you can chew" ni kung'ata tonge lisilotafunika, kama kukodi ekari 3 na mbolea uliyo nayo ni ya ekari 1.

Chumvi huwapoteza wengi. Mwingereza akikuambia uyapokee maneno ya mtu "with a pinch of salt", anakuonya usiyaamini yote. Sisi husema mtu ametia chumvi, yaani amezidisha. Kwetu chumvi hutiwa na msemaji. Kwao hutiwa na msikilizaji. Muuzaji akiapa kwamba dawa yake huua viwavi wa kila aina kwa siku moja, yeye ametia yake, nawe tia yako. Ama mzee aliyekula chumvi nyingi ni jambo jingine kabisa. Ukimwandika hivyo kwa Kiingereza, daktari atampima shinikizo la damu.

"To eat humble pie" ni kujishusha na kuomba radhi. Ni mchezo wa maneno: zamani matumbo ya paa yaliitwa "umbles" na yalipikwa ndani ya mkate, na neno hilo linakaribiana na "humble", mnyenyekevu. Mtu wa Kakamega apendaye matumbo kwa ugali hataona adhabu iko wapi.

"Bread and butter" ya mtu ni kazi impayo riziki. Sisi twasema unga, na aliyefukuzwa kazi amemwaga unga.

Njia ya kurudi nayo ina miiba. Ukiandika kwa Kiingereza kuomba muda wa kulipa deni, usiseme "I ate a loss"; sema "I made a loss". Kula kiapo katika kesi ya shamba ni "to take an oath", na kula njama ni "to plot". Kula rushwa ni "to take a bribe", ingawa katika Kiingereza cha hapa Kenya hata magazeti huandika kwamba fulani "ate" fedha za umma, na hakuna msomaji anayeuliza zilipikwaje.