SOMO LA AFYA: PICHA YA JINO KATIKA KOMPYUTA

Watumishi wa Serikali na wakazi wote wanakumbushwa kuwa jino huanza kuoza kabla ya kuuma. Uozo ulio kati ya meno mawili, au usaha kwenye ncha ya mzizi, mara nyingi hauonekani kwa macho bali kwa eksirei.

Mwaka 1896, Otto Walkhoff wa Ujerumani alipiga mojawapo ya picha za kwanza za meno, kwa mionzi ya dakika 25. Filamu za baadaye zilifupisha muda huo, lakini zilihitaji chumba cha giza na dawa za kusafishia. Mwaka 1987 ulitokea Ufaransa mtambo unaotumia kifaa kidogo cha kupokea mionzi, kinachowekwa mdomoni badala ya filamu. Picha huonekana katika kompyuta baada ya sekunde chache, na mionzi inayohitajika ni kidogo zaidi. Daktari huikuza picha, akamwonyesha mgonjwa, ndipo huamuliwa kuziba, kutibu mzizi au kung'oa.

Picha hiyo husafiri pia. Mtumishi anayehamia Miyuji, Dodoma, kutoka Unguja au Pemba aombe nakala na kumkabidhi daktari wa huko, ili asipigwe nyingine bila sababu. Mjamzito amweleze daktari hali yake mapema.

Hata hivyo, mtambo haumfuati mgonjwa nyumbani. Kila mmoja anahimizwa kupimwa meno kabla ya maumivu, kwani jino la ukubwani likishang'olewa halioti jingine.