Utupa, Nyanya na Samaki: Kudhibiti Wadudu na Magonjwa ya Mboga kwa Njia za Asili

Kutoka milima ya Umatengo hadi ufukwe wa Ziwa Nyasa, ulio chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, mwendo si mrefu, lakini maradhi ya nyanya hubadilika njiani. Mlimani, baridi na ukungu huleta bakajani chelewa, inayounguza majani na matunda kwa siku chache. Katika joto la Liuli na Mbamba Bay, mkulima hupambana zaidi na kantangaze, utitiri mwekundu na mnyauko wa bakteria. Ushauri uliomfaa ndugu wa mlimani waweza usimfae aliye ziwani.

Asiyetumia dawa za viwandani hana budi kumtambua adui kabla ya kushika bomba. Mnyanya ulionyauka ghafla ungali na majani ya kijani ukatwe shina karibu na ardhi, na kipande chake kining'inizwe katika glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka baada ya dakika chache, huo ni mnyauko wa bakteria. Hauna tiba, iwe ya dukani au ya asili, na kumwagia majivu ni kupoteza muda. Mmea ung'olewe pamoja na mizizi na kuchomwa, jembe lisafishwe, na eneo hilo lisipandwe nyanya, bilinganya, pilipili wala viazi mviringo kwa misimu kadhaa. Mahindi yanafaa kushika nafasi hiyo.

Kantangaze, nondo mwenye asili ya Amerika ya Kusini, alibainika nchini mwaka 2014. Viwavi wake huchimba ndani ya jani na tunda, mahali ambapo dawa haiwafikii kwa urahisi. Kwa hiyo majani yenye michirizi yachumwe mara kwa mara, na matunda yaliyotobolewa yafungwe katika mfuko wa plastiki na kuachwa juani. Kuyatupa pembezoni mwa bustani ni kumlea mdudu.

Dhidi ya vidukari wa sukuma, wengi hutumia utupa: kilo 1 ya majani mabichi hutwangwa, hulowekwa usiku kucha katika lita 10 za maji, huchujwa na kutiwa sabuni kidogo. Dawa hiyo hunyunyizwa jioni, kwa kuwa jua huidhoofisha na nyuki huwa wamerudi mizingani. Anayenyunyiza ajikinge mikono, pua na mdomo.

Hapa ndipo neno "asili" linapopotosha. Utupa ni mmea uleule uliotumiwa tangu zamani kulevya samaki. Sumu yake huwazuia kutumia hewa wanayoivuta majini. Kuvua kwa sumu kumekatazwa na Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya mwaka 2003, lakini mkulima anayeosha bomba kijitoni hutenda jambo lilelile pasipo kukusudia. Mito mingi ya Mbinga huishia ziwani, na mbasa hupanda mito kama Ruhuhu kwenda kutaga. Hasara ya mvuvi wa Lituhi yaweza kuanzia kwenye bustani asiyoijua.

Maji ya kusuuzia bomba na machicha ya utupa yamwagwe kwenye udongo, angalau mita 60 kutoka mtoni au kisimani. Ugonjwa usiotambulika upelekwe kwa Afisa Ugani wa kata, sampuli ikiwa ndani ya mfuko uliofungwa, ili usisambae njiani.