Nusukaputi na umeme wa jicho

SWALI: Daktari, binti yangu wa miaka mitatu atapimwa umeme wa retina akiwa chini ya nusukaputi. Je, dawa haitapotosha majibu? – Mama, Kenyenya

JIBU: Itayagusa, mama, lakini kwa kiasi tu. Retina ikimulikwa hutoa mawimbi mawili makuu: la kwanza hutoka kwenye seli zinazopokea mwanga, la pili kwenye zinazopitisha habari. Dawa za kuvuta, kama sevoflureni, huweza kuyapunguza na kuyachelewesha. Ndiyo maana wimbi dogo kidogo halitoshi kuthibitisha ugonjwa. Likikosekana kabisa, kwa kawaida tusiisingizie dawa. Omba aina ya dawa na kiasi chake viandikwe kwenye ripoti. Tafadhali usikiahirishe kipimo kwa hofu hii.